Mdogo wangu ataka kuwa kocha wa maisha. Nimtumie hela?

Salaam aleikum ndugu zangu wa Mvita, popote mlipo.

Mdogo wangu yuko Kisauni. Kaacha kazi ya mapokezi hotelini, kaingia darasa la Zoom la "ukocha wa maisha", yaani kulipwa kumshauri mtu mambo yake. Ada ni shilingi 180,000, anitaka nimtumie kabla ya Ijumaa kwani baadaye bei yapanda. Nikimuuliza atampata wapi mteja, asema akileta wanafunzi watatu tu, ada yake yarudi yote. Mimi hapa nakesha zamu za usiku nikitunza wazee, hizi si hela za kuokota. Hii ni elimu, au ndiyo yale ya kuuziana sufuria na vidonge vya nguvu?
Binti Kuze, Leicester

Mwanangu, usitume. Chuo gani chapandisha bei Ijumaa?
Mzee wa Likoni, Jeddah

Dada, mimi nilikuwa humo miaka miwili, wacha niseme bila haya.

Kozi yenyewe haikuwa mbovu. Nilijifunza kumsikiliza mtu bila kumkata kauli, jambo lililomshinda mamangu kunifunza. Mashaka yalianza baada ya cheti. Tulitoka watu arubaini, sote makocha, tukaanza kutafutana wenyewe: Jumatatu mimi ni kocha wake, Jumatano yeye ni kocha wangu, na hela hazitoki nje ya darasa. Mteja wa nje nilipata mmoja, shemeji yangu, naye hakulipa. Nilipolalamika, mwalimu akasema nina "fikra za umaskini", na dawa yake ni kozi ya juu, bei mara tatu: namna ya kufundisha makocha. Hapo nikafumbuka macho. Karibu kila aliyelipa pale alitaka kuuza ushauri, si kushauriwa.

Mwaka 1979, tume ya biashara ya Marekani ilipoamua kesi ya Amway, wauzao bidhaa za nyumbani kwa kuingizana, kampuni ilisalimika na jina la piramidi (biashara ambayo hela yatoka kwa wanaoingizwa, si kwa wateja) kwa kuwa ilikuwa na kanuni za kumtaka muuzaji auzie wateja wa nje, na za kurudisha bidhaa zilizolala. Huyo mwalimu ana wateja gani wa nje? Piga hesabu yake mwenyewe: kila mtu alete watatu, hatua ya 13 yataka wanafunzi wapya 1,594,323. Sensa ya 2019 iliikuta Mombasa nzima na watu 1,208,333, vichanga ndani.

Si wote matapeli, lakini. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, kwa cheti chake cha kwanza lataka saa 60 za masomo na saa 100 za kukaa na wateja. Amuulize mwalimu darasa lake latambuliwa na nani, kisha aombe kuzungumza na wahitimu wawili wanaoishi kwa wateja wasio makocha. Jibu litakuja upesi.
Mama Kibokoni, Toronto

Limekuja. Kwanza bei imeshuka hadi 90,000, kisha katolewa kwenye kundi la WhatsApp. Sasa hanisemeshi, na Mama asema nimemvunja moyo mtoto. Kuna mwenye jamaa pale Kenya Coast National Polytechnic atuulizie ada ya kozi ya mapishi?
Binti Kuze