Naomba ushauri: nimeitwa usaili wa kuwaandikia watafiti programu, niache kazi niliyonayo?

Kibodi_Nyeusi

Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri, na nitaeleza kwa kirefu kidogo ili mnielewe.

Ajira yangu ni kuandika programu, nipo kwenye kampuni ya mifumo ya malipo. Kazi inalipa, wenzangu ni watu wazuri, ila moyo umeshatoka. Mwaka mzima tunahamisha vitufe na kuongeza ripoti za mauzo, mwaka unaofuata tunarudia. Sasa kuna kundi la watafiti wa tabianchi lilitangaza nafasi ya mtu wa kuwaandikia programu. Niliomba, usaili wa kwanza nikapita, wameniita wa pili.

Kinachonisumbua ni hiki. Sijui hasa mtu wa kazi hii anashinda akifanya nini. Nina shahada ya kwanza ya kompyuta tu, fizikia niliiachia sekondari, na kule karibu kila mtu ana uzamivu. Mshahara waliotaja uko chini ya ninaopata sasa, halafu mkataba unakwisha mradi ukiisha. Na je, huko mbele kuna ngazi ya kupanda, au nitaitwa kijana wa kompyuta mpaka nistaafu? Mke wangu yuko tayari kwa lolote, ila ameniambia nisiamue kabla sijawasikia waliopo huko. Naombeni mnisaidie.

NyundoMoja

Kama shida ni kuchoka, badilisha kampuni kwanza. Utafiti si mahali pa kupumzikia.

MamaTakwimu

NyundoMoja una hoja, lakini mwenzetu hajasema amechoka kuandika programu, amechoka na vitufe.

Kaka, hiyo ndiyo kazi yangu. Nipo na watu wa jeni, zamani nilikuwa na wanaastronomia. Nikueleze inavyokuwa.

Mtafiti anakuletea programu aliyoiandika mwenyewe. Faili moja refu, vigeu vinaitwa a, b, x2, x2mpya. Kwenye kompyuta yake inafanya kazi, kwingine haifunguki. Data imeongezeka na sasa anataka itembee kwenye kompyuta kubwa yenye maelfu ya prosesa. Huanzi kwa kuandika, unaanza kwa kuisoma ile ya kwake mpaka uelewe kila mstari unatafuta nini, na unamuuliza maswali mengi bila aibu. Kisha unaandika vipimo: kwa data hii, jibu liwe hili. Halafu ndipo unaigusa.

Sasa sikiliza panapoumiza kichwa. Umeipanga upya, inakimbia vizuri, lakini jibu limetofautiana na la zamani kwenye tarakimu ya saba. Nani yuko sahihi? Huenda wote. Fungua Python, lugha ya kuandikia programu, ujumlishe 0.1 na 0.2, utaona 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta inahifadhi namba kwa mfumo wa jozi na 0.1 haikai humo kikamilifu. Ukijumlisha namba milioni moja kwa mpangilio mwingine, kama inavyotokea ukigawa kazi kwa prosesa nyingi, jibu linasogea kidogo. Mtafiti ndiye anajua msogeo wa kiasi gani hauharibu swali lake, na wewe ndiye unajua msogeo huo umetoka wapi. Mnakaa pamoja. Kwangu hayo mazungumzo ndiyo kiini cha kazi yote. Huko kwenye malipo mteja anakwambia anachotaka. Huku mara nyingi hakuna anayejua jibu, ndiyo maana unaitwa utafiti, na kwa hiyo programu ikikosea hakuna wa kushtuka.

Naomba nilisisitize hilo maana watu wengi wanadhani tunapamba tu programu za maprofesa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kuwa nchi zenye deni lililozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa waliinukuu walipotetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akiwa na maprofesa wake wawili, alipitia lahajedwali lenyewe la Excel. Fomula ya wastani ilikuwa imeacha nchi tano nje. Ukirekebisha hilo, pamoja na data nyingine zilizoachwa na namna ya kuzipa nchi uzito, wastani ule unakuwa asilimia 2.2. Hiyo ni lahajedwali tu. Mwaka 2006 maabara moja Marekani ilifuta makala tano za maumbo ya protini kwa sababu programu yao ya ndani ilibadilishana safu mbili za data, umbo likatoka limegeuzwa upande. Watafiti wengine walikuwa wameshajenga kazi zao juu ya maumbo hayo.

Kwetu kwenye jeni, mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuwa imebadilisha majina kadhaa, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza tarehe kimyakimya. Ilikuwa rahisi kubadili jina la jeni kuliko kuwabadili watu wote wanaofungua Excel!

Kuhusu uzamivu: hauhitajiki. Unachohitaji ni kusoma makala za fani yao taratibu na kukubali kuuliza. Wao pia hawajui Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo.

Nimetoka_Salama

Dada hapo juu ameeleza vizuri na sina cha kupinga kuhusu kazi yenyewe. Mimi nilikaa huko nikatoka, na sijutii kuingia wala kutoka. Nizungumzie anayoyakwepa.

Mkataba kufuata mradi maana yake ni kwamba mwaka wa mwisho nusu ya akili yako inatafuta kazi. Fedha za utafiti hutolewa kwa vipindi, miaka miwili au mitatu, na mfadhili akichelewa kujibu, wewe ndiye unayesubiri. Profesa ana kiti chake. Mwanafunzi ana shahada anayoifuata. Wewe una programu ambayo siku ukiondoka hakuna anayeijua.

Pili, jina. Vyuo vimezoea kupima watu kwa makala. Kundi nililokuwa nalo lilichapisha makala ambayo michoro yake yote ilitoka kwenye programu niliyoandika, jina langu likawekwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Nilipoomba kupandishwa, kamati iliuliza orodha ya makala zangu. Kibodi, haya yaulize kabla hujasaini, kwa sababu baada ya kusaini yanaonekana ni madai.

MamaTakwimu

Sikuyakwepa ndugu yangu, nilikuwa nachoka kuandika. Yote uliyosema ni kweli na pole kwa hilo la kamati. Ila mambo yamesogea.

Mwaka 2012 kwenye warsha moja Oxford, watu wa kazi hii walikaa wakakubaliana kuwa tatizo la kwanza ni kwamba kazi haina cheo, kwa hiyo vyuo haviwezi kuitangaza wala kuipandisha. Ndipo likaja jina mhandisi wa programu za utafiti, kwa Kiingereza Research Software Engineer, kifupi chake RSE. Mwaka 2013 wakaanzisha umoja wao Uingereza, ambao mwaka 2019 ukageuka kuwa chama kamili, na wa Marekani wakaanza wa kwao mwaka 2018. Leo baadhi ya vyuo vina idara nzima: unaajiriwa na idara, idara inakukopesha kwa miradi, mradi ukiisha unahamia mwingine bila kuandika barua ya kuomba kazi. Kibodi, cha kwanza kabisa kujua ni hiki, umeajiriwa na kundi au na idara? Mishahara ikilingana, nenda idara.

Na jina lako siku hizi unaweza kulilinda mwenyewe. Programu unaiweka Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, inapewa DOI, namba ya kudumu ya utambulisho, kama makala. Unaacha ndani yake faili la CITATION.cff linalosema inukuliwe vipi. Halafu kuna jarida la JOSS, lipo tangu 2016, linachapisha makala fupi kuhusu programu yenyewe na wahakiki wanaikagua hadharani, msimbo na vipimo vyake. Kamati ikiuliza makala, unazo.

Mzee_wa_Mawingu

Vijana, nimeufuata uzi tangu asubuhi. Mimi ni wa tabianchi kwa hiyo ngoja nimjibu Kibodi kuhusu fani anayoiendea.

Jiandae kukutana na Fortran. Ilitolewa na IBM mwaka 1957 na hadi leo modeli nyingi za hali ya hewa zimeandikwa kwa lugha hiyo, kwa sababu inakimbia sana kwenye hesabu za safu na kwa sababu hakuna anayetaka kuandika upya mamia ya maelfu ya mistari iliyokwisha kuaminika. Usiidharau, kiwango chake cha karibuni ni cha 2023. Huhitaji kuwa bingwa, ila uweze kuisoma. Uchambuzi wa matokeo unafanywa zaidi kwa Python, data zinakaa kwenye mafaili ya NetCDF, muundo wa kuhifadhi data za sayansi. Anza hapo, jifunze xarray, maktaba ya Python ya kuchambua mafaili hayo.

Nikupe mfano mmoja uuone mchezo ulivyo. Vituo vingi vya kupima joto, kifaa kikiharibika, huandika -999 kumaanisha hakuna kipimo. Chukua mwezi wa siku 30 wenye joto la nyuzi 25 kila siku, siku moja iwe -999. Wastani unashuka hadi chini kidogo ya nyuzi 9 chini ya sifuri, hilo kila mtu ataliona. Lakini chukua wastani wa vituo elfu moja kwa miaka 30, na -999 ziwe chache tu zimetawanyika humo: jibu linashuka sehemu ya kumi ya nyuzi, linaonekana la kawaida kabisa, na sehemu ya kumi ya nyuzi ndiyo tunayobishania kwenye tabianchi. Mtu aliyetoka kwenye malipo, ambako senti moja ikipotea mnakesha, anafaa sana hapa. Hilo liseme kwenye usaili.

Kuhusu kukaa meza moja na wenye uzamivu, ondoa hofu. Picha ya shimo jeusi la galaksi M87 iliyotolewa Aprili 2019 ilianza kwa timu nne zilizopewa data ileile na kukatazwa kuonyeshana matokeo, kisha wakahakikisha kwa programu tatu tofauti kabla hawajaamini duara lile ni la kweli. Humo mlikuwa na wanafizikia na mlikuwa na watu wa kompyuta, na kila upande ulihitaji mwenzake aseme kosa liko wapi.

Mshahara sitakudanganya. Ni mdogo kuliko wa kampuni, na haukui haraka.

Bukheri99

Samahani kuingilia, na mimi niko chuo mwaka wa pili, baiolojia. Najifunza kuandika programu kidogokidogo. Kuna njia ya kuanzia upande wa huku?

MamaTakwimu

Ipo mdogo wangu, na wengi wetu tumepita huko. Tafuta masomo ya Software Carpentry, yalianza 1998 kwa ajili ya wanasayansi hasa, yapo bure. Git, Python au R, na amri za msingi za Linux. Kisha chukua makala moja ya fani yako yenye data wazi ujaribu kutoa mchoro wake mmoja upya. Utajifunza zaidi ya kozi yoyote, na utakapokwama mwandikie mwandishi kwa heshima, wengi hujibu.

Kibodi_Nyeusi

Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mke wangu jibu la Nimetoka_Salama neno kwa neno. Ahsanteni sana, shikamoo Mzee wa Mawingu.

Nimeangalia barua yao tena. Naajiriwa na kundi, si idara, miaka mitatu. Mshahara tumepiga hesabu nyumbani, tunaweza kuumudu. Moyo wangu uko kule, nisiwafiche. Usaili ni Alhamisi na wamesema nitapewa muda wa kuuliza. Niulize nini bila kuonekana nina madai?

Nimetoka_Salama

Uliza hivi: watu waliokuwa kwenye nafasi hii kabla yangu wako wapi sasa? Kisha nyamaza uwasikilize. Pia uliza wana utaratibu gani wa majina kwenye makala, ukiuliza kama utaratibu hakuna atakayeona unadai. Wakikujibu vizuri, waombe waliandike kwenye barua pepe.

Mzee_wa_Mawingu

Marahaba. Waombe wakuonyeshe programu yenyewe. Angalia kama iko kwenye Git au kwenye folda za watu, kama ina kipimo hata kimoja, na nani anaitunza sasa. Ikiwa hakuna kitu, si lazima ukimbie, ila waambie miezi ya mwanzo itakuwa ya kuisafisha, na uangalie profesa anavyolipokea hilo. Akisema matokeo yanatakiwa mwezi ujao, fikiria upya. Na waulize saa ngapi kwa wiki ni zako za kusoma. Miaka mitatu kwenye fani mpya bila muda wa kusoma utabaki kuandika usichokielewa.

Kibodi_Nyeusi

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Jumapili nimepanga kuanza na xarray, na kuna faili moja la joto la vituo nimelipakua, nimeshaziona -999 humo. Nitaleta mrejesho baada ya usaili.