Kipandauso cha Jumapili asubuhi: kulala sana nako ni tatizo?

Swali: Wakuu, kwa nini kipandauso huwapata wengine Jumapili, siku waliyolala hadi saa nne, wakati katikati ya wiki huamka saa kumi na moja na kichwa kiko shwari?

Jibu la 1: Ubongo wenye kipandauso hauvumilii ratiba inayoyumba. Usingizi pungufu huuchokoza, uliozidi pia. Halafu kuna kahawa: aliyezoea kikombe cha saa kumi na mbili akikikosa hadi saa nne, kichwa hudai. Dawa yake ni kuamka saa ileile siku zote 7, Jumapili ikiwemo. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana.

Jibu la 2: Naongezea vidonge, maana hapa ndipo wengi huharibikiwa. Parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini siku 10, vikiendelea zaidi ya miezi 3, vyenyewe huzaa maumivu. Weka daftari: saa ya kulala, kuamka, maumivu yalipoanza, kidonge gani.

Jibu la 3: Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, kisha akaamka na kichwa kizito, apimwe, huenda si kipandauso. Maumivu makali ya ghafla, au yenye homa na shingo kukakamaa, ni hospitali saa hiyohiyo. Tafadhalini, msisubiri kuche.