Nimebadilisha peisti ya prosesa, joto limezidi la mwanzo

mzee_wa_vumbi: Wakuu, naomba msaada. Kompyuta ya mezani, prosesa i5-6500, hitisinki (kipoza joto kinachokaa juu ya prosesa) ni ile ya duara ya Intel yenye pini nne za plastiki. Nimefuta peisti iliyokauka (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki), nikapaka mpya, nikarudisha. Sasa hata nikiwa kwenye bayosi tu (ukurasa wa mipangilio kabla mfumo haujawaka) joto linafika nyuzi 98 ndani ya dakika moja, kisha inazima. Feni inazunguka. Niongeze peisti?

fundi_bodi: Usiongeze. Prosesa hiyo ni ya wati 65. Hata peisti mbovu isingekufikisha hapo kwenye bayosi. Hitisinki haijakaa.

Chomoa umeme, kisha chungulia nyuma ya mazabodi (bodi kuu). Kila tundu liwe limetokeza miguu myeupe iliyotanuka, na pini nyeusi katikati yake. Mguu uliojikunja au usiotokeza ndio mchawi wako. Kona moja ikining'inia, upande huo unabaki na hewa, na hewa haipitishi joto vizuri.

Kurudisha: mshale ulio juu ya pini unaonyesha upande wa KUFUNGUA. Wengi huuelewa kinyume. Zungusha pini zote nne zirudi upande wa kufunga kabla hujabonyeza, kisha anza na kona moja, ufuate inayotazamana nayo kimshazari. Kila moja ilie "ta!". Ukibonyeza mbili za upande mmoja kwanza, hitisinki inainuka upande wa pili na hizo mbili zilizobaki hazitashika. Kama bodi inapinda sana, itoe kwenye kasha ubonyezee mezani.

Mama_Soketi: Naongezea: ukishainua hitisinki, usiikandamize tena juu ya peisti ileile, inafungia mapovu ya hewa. Futa pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha manyoya, iache ikauke. Weka tone moja katikati, ukubwa wa njegere ndogo, usilisambaze. Mgandamizo utalitandaza wenyewe. Likizidi linachuruzika pembeni tu, uchafu zaidi kuliko hasara, ila peisti zenye metali ya kimiminika zinapitisha umeme, hizo usiziguse.

pini_1331: Wenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 (pini ziko chini ya prosesa yenyewe) msiige kuvuta moja kwa moja. Peisti ikikauka prosesa inang'oka na hitisinki huku soketi imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine ifanye kazi dakika kumi ipate moto, zima, chomoa, zungusha hitisinki kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo uinue.

mzee_wa_vumbi: Pini ya karibu na RAM ilikuwa haijapenya, na mshale nilikuwa nimeuelewa kinyume. Sasa nyuzi 36 ikitulia, 63 ikibanwa na kazi.

fundi_bodi: Hapo sawa. Hakikisha waya wa feni uko kwenye tundu la bodi lililoandikwa CPU_FAN na haugusi mapanga.