Mpagazi akatwe kwenye picha au abaki? Mjadala wa mabango ya Siku ya Mashujaa

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza mabango ya mitandaoni, na kuna jambo linaniuma kila Julai ikikaribia.

Mwaka jana mteja aliniletea picha ya Vita Kuu ya Kwanza akitaka bango la tarehe 25. Katikati kasimama askari Mwafrika wa jeshi la Wajerumani, bunduki begani. Kushoto wapagazi watatu, mizigo kichwani, miguu peku. Maagizo: kata kushoto, tia rangi, weka bendera ya Taifa nyuma, andika "Shujaa wetu".

Bendera niliikataa papo hapo. Jeshi lile ndilo lililozima Maji Maji. Songea kila 27 Februari wanawakumbuka wazee walionyongwa mwaka 1906. Bango hilo ungewaonyesha kwa uso gani?

Ila kilichoniuma zaidi ni kuwakata wapagazi. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa 95,000, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Kariakoo tunakonunua vitunguu imepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi chao. Sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927, maandishi yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Nairobi, Kenyatta Avenue, angalau mpagazi kasimamishwa pamoja na askari. Sasa na sisi, miaka mia baadaye, tumfute kwa kipanya?

Kuhusu rangi, nilijaribu programu ya akili mnemba. Wote wakatoka na ngozi ya aina moja, na mpagazi wa pili akavishwa viatu. Nilikaa nikiitazama ile miguu. Mtu katembea peku na mzigo wa watu kichwani, halafu mimi namvisha viatu ili bango lipendeze!

Mwenzangu ofisini anabisha: vijana hawasimami kwenye picha nyeusi na nyeupe, kidole kinapita tu, heri rangi iwakamate wasome. Ana hoja, sikatai. Jibu langu ni kwamba rangi iende kwenye maandishi na fremu, picha iachwe.

Na tutaje chanzo jamani. Picha nyingi tunazookota zilipigwa na Walther Dobbertin, zipo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilianza kuweka maelfu ya picha zake Wikimedia Commons. Leseni yake inataka umtaje mpiga picha na hifadhi, na useme kama umebadilisha kitu. Ni mstari mmoja tu chini ya bango.

Mteja alienda kwa mbunifu mwingine, na bango likatoka bila wapagazi. Ungekuwa wewe, kodi ya nyumba imefika, ungekata? Na ninyi ambao babu zenu walibeba mizigo ile, mngetaka tuwaonyeshe vipi?