Meno ya kahawia: fedha za wazazi zinunue miswaki au simtanki?

Mama wa Darasa la Tatu, Meru

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Meru, na ninahitaji ushauri kabla ya kikao cha wazazi cha mwezi ujao. Kila Jumatatu wanafunzi wetu hukaguliwa usafi mstarini: kucha, nywele, sare na meno. Wenye meno ya kahawia hutengwa pembeni na kuonywa mbele ya wenzao kwamba hawapigi mswaki. Binti yangu ni mmoja wao. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, nami humsimamia, lakini siku hizi akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, na mwalimu wake ameniambia kuwa ameacha kunyoosha mkono darasani hata pale anapolijua jibu. Wazazi wamependekeza tuchange ili kila mtoto anunuliwe mswaki na dawa ya meno. Tunajua kwamba maji ya huku yana floraidi, madini yanayotoka ardhini, na ndiyo maana tunayachemsha. Je, mchango huo utasaidia, au shule inaweza kufanya jambo lenye manufaa zaidi kwa fedha hizohizo?

Tabibu wa Meno, Arusha Mjini

Pole kwa binti yako, mama. Mswaki ni wa lazima kwa sababu hukinga meno yasitoboke, lakini hautaondoa rangi hiyo, kwa kuwa si uchafu uliokaa juu ya jino. Floraidi inayoingia mwilini kwa maji na chakula huvuruga utengenezaji wa tabaka gumu la nje wakati jino lingali ndani ya ufizi, na jino linapochomoza kasoro tayari imo. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa zaidi katika miaka michache ya mwanzo, na mengi ya mengineyo hukamilika mtoto anapokaribia miaka 8. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza anayekaripiwa mstarini anakaripiwa kwa sababu ya maji aliyonyweshwa akiwa bado anatambaa. Naomba ukaguzi wa namna hiyo usitishwe kabla hata ya shilingi moja kuchangwa.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu, na msiache kufanya hivyo, lakini floraidi haiondoki na mvuke: maji yanapungua, yenyewe inabaki, na kila lita iliyosalia huwa nayo nyingi zaidi kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi. Wala msiyapime maji kwa macho, kwa kuwa floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Inatoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, na kisima chenye maji maangavu kabisa kinaweza kuwa nayo kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pelekeni sampuli ya kila chanzo katika maabara ya maji, maana visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana sana. Kipo pia kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Chujio hilo linafaa, ila makaa huchoka na hubidi yabadilishwe, kwa hiyo msilinunue bila kuamua ni nani atakayeyapima maji yanayotoka humo.

Mwalimu Mkuu Mstaafu, Arumeru

Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Nikiwa mwanafunzi niliyasugua kwa mchanga hadi ufizi ukatoa damu, na baadaye, nikiwa mwalimu, niliwasimamisha watoto wa wenzangu pembeni kama nilivyosimamishwa mimi. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana ninaandika.

Mama, liangalieni jiko la shule. Makande yetu hutiwa magadi ili maharage na mahindi yalainike upesi, na magadi mengi yanayouzwa huku yana floraidi nyingi. Mtoto anaweza kunywa maji salama asubuhi nzima, kisha akaila floraidi katika bakuli la saa saba. Simlaumu mpishi, kwani kuni ni ghali na sufuria ya watoto mia nne haiivi kwa maombi. Mahindi yakikobolewa, yakalowekwa pamoja na maharage usiku kucha, na maji ya kulowekea yakamwagwa, makande huiva bila magadi.

Fundi wa Maji, Tengeru

Ningeanza na maji ya mvua, kwa kuwa floraidi yake ni kidogo mno. Milimita 1 ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Toa sehemu ya tano inayopotea, zitabaki 80. Simtanki ya lita 10,000 itajaa kwa milimita 125, na masika ya huku mlimani huzidi hapo. Watoto 400 wakipewa nusu lita kila mmoja kwa siku, tangi litatosha siku 50 za masomo. Ndiyo kusema maji hayo yawe ya kunywa na kupikia tu, bomba lake lifungwe kwa kufuli, na kunawa mikono na usafi wa vyoo vitumie maji ya kisima. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwani hubeba vumbi na vinyesi vya ndege.

Mama wa Darasa la Tatu, Meru

Shikamoo, mwalimu. Nimekisoma ulichoandika mara mbili, na nitaomba ruhusa ya kukisoma mbele ya walimu wetu. Ahsanteni nyote. Nitapendekeza mchango uende kwenye tangi na gata za madarasa mawili, na miswaki ibaki jukumu la kila nyumba. Mpishi wetu nimezungumza naye leo jioni: maharage amewahi kuyaloweka, mahindi hajawahi. Jumapili saa kumi na mbili nitakwenda shuleni tuloweke pamoja debe la kwanza. Nina mtoto mwingine wa miezi saba nyumbani, na uji wake naukoroga kwa maji ya kisima kilekile; tangu kesho nitaweka ndoo chini ya paa.