Kisomeo cha vitabu kimegoma kuwaka, na ndani kuna vitendawili vya mama yangu

Mwalimu wa Mpwapwa

Mbukwenyi. Na msio Wagogo, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mpwapwa. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 34, na sasa macho yamechoka. Herufi za kitabu cha karatasi nikizitazama zinatambaa kama siafu. Miaka mitano iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea kifaa cha kusomea vitabu, kile chembamba chenye kioo cha kijivu kisichong'aa kama simu. Unakuza herufi mpaka ukurasa unabaki na mistari minane tu, unasoma kwa raha zako. Mimi nakiita kisomeo. Tangu siku ile sijawahi kulala nyumbani kwangu bila kusoma.

Mwezi wa tatu binti yangu alijifungua Dar es Salaam. Nilikwenda kumlea mzazi nikijua ni wiki sita, nikakaa miezi minne. Kisomeo nilikiacha kabatini, ndani ya mfuko wa kitenge niliokishonea mwenyewe. Jumamosi nimerudi na treni ya SGR hadi Dodoma, nikalala kwa mdogo wangu Area C, kesho yake nikapanda basi la Mpwapwa. Sikuvua hata viatu. Nilifungua kabati nikakuta kioo kinaonyesha picha ileile ya mti inayotokea kikiwa kimelala. Nikashukuru, kumbe moto upo. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena na tena, picha haitikisiki.

Nikakichomeka kwenye chaja ya mjukuu wangu mkubwa, ile inayojaza simu upesi. Kitaa kilicho karibu na kitufe kikawaka rangi ya chungwa, kikazima, kikawaka, kikazima, kama mtu anayepepesa jicho lililoingia vumbi. Nikangoja dakika 10, nikakitoa.

Leo nimekipeleka kwa fundi simu. Amekishika, amekigeuza, akasema kioo kimekufa. Baada ya muda kidogo akasema hapana, kinataka kuflashiwa, shilingi 40,000. Nikamuuliza, vilivyomo vitabaki? Akajibu, "Mama, vitabu si utaweka vingine?" Nikakichukua nikarudi nacho nyumbani.

Humo hamna vitabu tu. Marehemu mama yangu alijua vitendawili vya Kigogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Nilikuwa nikienda kumtembelea na daftari, yeye anachambua mboga, mimi naandika. Nilipata vitendawili na methali 212, kila kimoja kwa Kigogo na maelezo yake kwa Kiswahili, daftari nne. Mchwa walikula mbili na nusu. Nashukuru yule mwanafunzi alikuwa ameshazichapa zote na kuniwekea faili ndani ya kisomeo. Kompyuta aliyochapia iliibwa. Kwa hiyo nakala kamili iliyobaki duniani ni hiyo moja, na mama hayupo wa kumuuliza tena.

Naomba kujua mambo mawili. Kioo kinawezaje kuonyesha picha kama kifaa hakina uhai? Na je, kuna njia ya kukiwasha bila kufuta kilichomo?

Fundi wa Majengo

Shikamoo mwalimu. Pole kwa safari na hongera kwa mjukuu.

Nianze na lililo zito: usimruhusu mtu yeyote akiflashi. Kuflashi ni kuandika upya programu ya ndani, na mara nyingi faili za mwenye kifaa hufutika zote. Umefanya vizuri sana kukichukua. Vitendawili vya mama vina nafasi kubwa ya kuwa salama, kwa sababu kumbukumbu ya ndani ni ya aina ileile ya flashi tunazobeba mfukoni. Haihitaji moto ili kushika kitu. Betri ikilala miezi minne maandishi hayaendi popote.

Sasa kioo. Kile si kioo cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana, kila kimoja unene wake ni kama unywele, na ndani ya kila kifuko kuna chembe nyeupe na nyeusi zinazoelea kwenye majimaji. Nyeupe zina chaji chanya, nyeusi chaji hasi. Umeme unapita mara moja tu kuzisukuma, hizi zije juu, zile zishuke, ndipo herufi inatokea. Baada ya hapo zinabaki palepale bila umeme wowote. Ndiyo maana betri ya kifaa hiki hukaa wiki kadhaa, na ndiyo maana umekuta mti wako umetulia. Picha hiyo ni ya siku kilipobadilisha kioo mara ya mwisho. Haikuambii kama leo kina moto au hakina. Kioo kilichovunjika kwa ndani huonyesha mistari, au pande moja inaganda na nyingine inabadilika. Kama mti wako uko mzima kuanzia mizizi hadi matawi, mimi sioni ugonjwa wa kioo.

Ninachokishuku ni betri iliyoshuka kupita kiasi. Inawezekana intaneti ya bila waya ilikuwa imewashwa, kikawa kinaamka kidogokidogo kutafuta mtandao, wiki hadi wiki. Betri ya namna hii ikijaa ina volti 4.2. Ikifika karibu na 3 kifaa kinazima ili kuilinda, kisha inaendelea kujimaliza yenyewe polepole. Ukiichomeka ikiwa chini hivyo, saketi ya chaji haiipi moto wote. Inaidondoshea, kama sehemu moja ya kumi ya kawaida, mpaka ipande. Sasa wewe ukibonyeza kitufe wakati huo, kifaa kinajaribu kuamka, kinakula kile kidogo chote, kinaanguka, kinaanza upya. Huko ndiko kupepesa kwa kitaa. Ni kama mgonjwa aliyekunywa kijiko kimoja cha uji, unamtuma akachote maji.

Kabla hujachomeka tena nijibu. Ukikilaza mezani, mgongo umekaa sawa au unabembea? Kava lake linabana kama zamani? Na waya uliotumia ni upi, wake au wa simu?

Tabibu wa Itigi

Mwalimu shikamoo. Naongezea kwenye waya, maana mimi ulinitesa wiki nzima. Ninacho kisomeo cha namna hiyo, miongozo yangu ya tiba yote iko humo, na zahanati yetu inatumia sola. Nilikuwa nachomeka waya wenye vichwa viwili vidogo vinavyofanana, juu na chini. Hakuna kilichoingia, hata kitaa hakikuwaka. Nikabadilisha, nikatumia waya ambao upande mmoja una kichwa kile kipana cha zamani cha USB, kikala chaji palepale. Baadaye nilielewa kwamba chaja za kisasa huuliza kifaa kwanza kabla ya kutoa moto, na vifaa vingine havijui kujibu.

Jingine, kama unatumia sola ndogo moja kwa moja bila betri, wingu likipita chaji inakatika na kuanza upya. Tumia umeme wa ukutani au pauabenki.

Mwalimu wa Mpwapwa

Marahaba wanangu. Nimekilaza juu ya meza ya vioo, kimekaa sawa, hakibembei. Kava linabana vizuri. Waya wa kwanza ulikuwa wa simu ya mjukuu, nao una vichwa viwili vinavyofanana kama alivyosema tabibu. Wake wa asili nimeupata chini ya nguo, una kichwa kipana.

Nimemulika tundu la chaji kwa tochi. Kuna kitu kama pamba ya kijivu imeshikana ndani. Nadhani ni nyuzi za kile kitenge na vumbi letu la kiangazi.

Fundi wa Majengo

Vizuri, mgongo haujavimba. Ungekuwa umevimba ningekwambia usiguse chaji tena.

Hiyo pamba itoe kwa kijiti cha meno cha mti, taratibu, ukikokota kuja nje. Usitumie sindano wala pini, katikati mna kiulimi chenye vyuma vyembamba, ukikipinda umepata ugonjwa mwingine. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Kisha chukua waya wake na chaja dhaifu, ile ya simu ya vitochi ikiwa na tundu la kichwa kipana, au tundu la kompyuta. Kompyuta inatoa volti 5 na nusu ampea, inatosha kabisa kwa mgonjwa huyu. Chomeka asubuhi, usichomeke usiku ukalala, maana betri iliyokaa tupu muda mrefu inatakiwa kutazamwa. Kiweke sakafuni kwenye saruji, mbali na dirisha lenye jua. Kila baada ya nusu saa weka kiganja mgongoni. Uvuguvugu ni sawa, ila ukiunguza mkono, chomoa. Na kitufe usikiguse kwa saa tatu nzima. Nakuomba hilo kuliko yote. Kitaa kikipepesa kiache kipepese.

Saa tatu zikitimia, kikiwa bado kimechomekwa, bonyeza kitufe ukishikilie, uhesabu hadi 40 bila kuachia hata kama kitaa kitabadilika katikati. Hiyo ni kukiamsha upya tu, haifuti faili. Ila kikija kukuuliza kama unataka kukirudisha kilivyotoka kiwandani, kataa.

Na fundi yeyote akikwambia ataibusti betri kwa waya za moja kwa moja, kataa pia. Betri ikishuka mno, shaba ya ndani huyeyuka na kujijenga pasipo pake. Ukiilazimisha inaweza kushika moto.

Kijana wa UDOM

Shikamoo mwalimu. Mimi nina moja tu. Kikiwaka, kabla hujasoma hata ukurasa mmoja, toa nakala ya lile faili. Kwenye steshenari yoyote wakichomeka waya wa data kwenye kompyuta, kisomeo kitaonekana kama flashi, na faili litakuwa kwenye folda ya nyaraka. Linakiliwa tu kama faili jingine. Baadhi ya waya ni za chaji peke yake, hazipitishi data, kwa hiyo beba ule wa asili.

Mwalimu wa Mpwapwa

Natoa taarifa.

Jana saa 3 asubuhi nilichomeka kwa chaja ya simu yangu ya vitochi. Kitaa kilipepesa dakika 50. Nilikaa kwenye kiti mbele yake, mikono nimeikunja mapajani nisije nikabonyeza. Kisha kikatulia, rangi ya chungwa moja kwa moja. Saa 5 umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika 40, nami nikaanza kuhesabu saa tatu zangu upya. Mgongo haukupata moto.

Saa 9 alasiri nikashikilia kitufe, nikahesabu kwa sauti kama nilivyokuwa nikihesabu na watoto wa darasa la kwanza. Nilipofika 31 ule mti ukatoweka. Kioo kikawa cheusi chote, kikawa cheupe, kikawa cheusi tena. Nikaendelea kuhesabu mpaka 40 kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Ukatokea mstari mwembamba ukijaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikuwa natetemeka.

Vitabu vyote vipo. Tarehe imeharibika lakini hilo ni dogo. Faili la mama lipo, na limefunguka kwenye kitendawili cha 97, nilipoishia mwezi wa tatu.

Leo asubuhi nimekwenda steshenari. Faili liko kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe ya binti yangu, na nimechapisha nakala mbili za karatasi, kurasa 38. Moja nimeiweka kwenye debe la bati lenye kifuniko, mchwa wahangaike.

Fundi, Mungu akubariki. Na kijana, na tabibu. Swali la mwisho: betri imepona kabisa, au nitegemee balaa?

Fundi wa Majengo

Nimefurahi sana, mwalimu. Kupona kabisa sidhani. Betri iliyofika chini hivyo hupoteza sehemu ya uwezo wake na haurudi. Kama ilikuwa inakaa wiki tatu, usishangae ikikaa mbili au pungufu. Itumie, lakini siku ukiona mgongo unabembea, iache na unitafute Majengo, betri hubadilishwa na faili zinabaki.

Ukisafiri tena, zima intaneti yake, kizime kabisa usikilaze tu, na ukiache kikiwa na chaji nusu. Betri ikihifadhiwa imejaa kabisa kwenye joto inachakaa, na ikihifadhiwa tupu unajua kilichotokea. Mtu aliye nyumbani akichomeke saa moja kila baada ya miezi miwili.

Kijana wa UDOM

Mwalimu, mimi ni Mgogo wa Bahi lakini nimekulia mjini, vitendawili vya nyumbani sijui hata kimoja. Tutegee hicho cha 97, kwa Kiswahili chake.

Mwalimu wa Mpwapwa

Kitendawili.

Kijana wa UDOM

Tega.

Mwalimu wa Mpwapwa

Babu ana tumbo kubwa, kiangazi kizima hanywi maji wala hafi kiu.

Tabibu wa Itigi

Ngamia?

Mwalimu wa Mpwapwa

Ugogo kuna ngamia, tabibu? Nipeni mji.

Kijana wa UDOM

Nakupa Kongwa.

Mwalimu wa Mpwapwa

Kongwa nimefika, nimekula nyama choma na ugali wa uwele, nimelala nimeamka. Ni mbuyu.