Mahindi yamechelewa na baridi inakuja, nikate au nisubiri?

shamba_la_mwisho:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa haraka maana hata usingizi sina. Nilipanda mahindi nikiwa nimechelewa wiki tatu, mbegu ya kwanza ilioza ardhini ikabidi nirudie, sasa wenzangu wote washavuna mimi shamba bado kijani. Ndevu zilitoka siku 44 zilizopita, hilo nina uhakika nalo maana niliandika kwenye daftari. Shida ni usiku. Jana simu ilisema digrii 5, leo 4, keshokutwa inaonyesha 2 na hakuna wingu hata moja. Shamba nina vipande viwili, kimoja kwenye mwinuko, kingine chini bondeni karibu na kijito. Maganda ya nje yameanza kugeuka rangi kwa mbali. Mzee anasema nikate yote kesho nisimamishe mabua yamalizie yenyewe, mke wangu anasema tusubiri, na mimi nipo hapo katikati. Nifanyeje?

jembe_butu:
Kata yote kesho. Mimi nilisubiri msimu mmoja nikaja kulia. Baridi haina rafiki.

bi_punje:
Jembe usimtishe mwenzio. Ndugu, rangi ya maganda isikudanganye, na hata kuhesabu siku ni makadirio tu, kwenye joto hindi linakomaa siku 55 hadi 65 baada ya ndevu lakini usiku ukiwa wa baridi hivyo zinaongezeka. Nenda kaangalie punje. Vunja hindi katikati, chukua kile kipande cha upande wa ncha, utaona punje zimekugeuzia ule upande usio na kiini. Hapo kuna mstari: juu ya mstari pagumu rangi imekolea, chini pamepauka na ukibonyeza kwa ukucha kuna ulaini wa maziwa. Huo mstari unashuka kutoka kichwani kwa punje kwenda kwenye gunzi. Niambie umefika wapi, kila kipande cha shamba peke yake tafadhali usichanganye, na usichukue mahindi ya pembeni ya shamba, yale huwa yanakimbia.

mtoto_wa_mabua:
Mkuu choma majani makavu usiku kuzunguka shamba, moshi utafunika baridi isishuke.

kaka_thamometa:
Moshi haufuniki kitu hapo, joto la ardhi linapita kwenye moshi kama haupo na ule moto wenyewe joto lake linapaa juu, utakesha bure na macho mekundu. Cha kuangalia ni hivi. Digrii ya simu ni ya hewa kimo cha mtu, sio ya jani. Usiku wa anga safi bila upepo jani linapoa kuliko hewa, kwa hiyo ukiambiwa 2 jalidi (ile barafu nyembamba ya alfajiri, wengine mnaita sakitu) inaweza kushuka vizuri tu. Halafu hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kulala bondeni. Kile kipande chako cha kijito ndiyo beseni lenyewe. Kukiwa na wingu au upepo wa wastani usiku kucha, lala. Weka kipimajoto kimoja bondeni kimoja juu, usiku mmoja tu utajua tofauti yao.

shamba_la_mwisho:
Nimerudi sasa hivi viatu vyote tope. Nimevunja mahindi sita juu na sita bondeni. Juu mstari umepita nusu kidogo, bondeni uko robo ya punje, huko chini nikibonyeza yanatoka maziwa kabisa. Sikujua shamba langu mwenyewe lina miaka miwili tofauti 😂

bi_punje:
Sasa tunaongea. Ya juu yamebakiza kama wiki mbili, labda na zaidi kwa baridi hiyo. Ukiyakata leo unayanyima kile kilichobaki, punje zitasinyaa ziwe nyepesi, na yale mabua mzee anayosema yasimamishwe yanaongeza kidogo sana. Usikate juu. Hata baridi ikichoma majani ya juu tu, bua na majani yaliyo karibu na hindi yakibaki kijani linaendelea kulisha punje. Kinachoua mmea mzima ni kama digrii 2 chini ya sifuri kwa saa kadhaa.

Bondeni ndiyo mtihani. Yale yanahitaji kama wiki tatu na hayana hizo wiki. Una ng'ombe, au jirani ana ng'ombe?

shamba_la_mwisho:
Jirani anao na kila siku ananiuliza mabua.

jembe_butu:
Nilivyosema kata nilikuwa namaanisha bondeni.

bi_punje:
Haya Jembe 😄

mkulima_saileji:
Bondeni fanya saileji (mmea mzima unakatwakatwa ukiwa mbichi na kufukiwa bila hewa uwe chakula cha ng'ombe), ila usiikimbilie kesho. Mstari robo bado mmea umejaa maji, ukifukia hivyo utakuta maji yanachuruzika chini na harufu mbaya. Inafaa mstari ukiwa nusu hadi theluthi mbili. Ikipigwa na jalidi kabla ya hapo mmea utaonekana mkavu kwa sababu majani yamekauka, lakini bua bado linashika maji, wengi wanaponzwa hapo. Katakata mabua machache, kamua konzi moja kwa nguvu. Maji yakidondoka subiri. Ukiachia ule mviringo ukafunguka polepole na kiganja kina unyevu tu, anza.

shamba_la_mwisho:
Taarifa wakuu. Imekuja jana usiku. Kipimajoto cha bondeni kilisoma robo tatu ya digrii chini ya sifuri saa kumi na moja alfajiri, cha juu kilikuwa 2. Nilipita asubuhi bondeni, nyasi nyeupe zinalia chini ya kiatu, majani ya mahindi yalikuwa magumu, jua lilipopiga yakalegea yakawa kama mboga iliyochemshwa, kufika saa sita yamegeuka kijivu. Juu yamechomeka ncha tu. Nimeamini ile habari ya beseni.

kaka_thamometa:
Subiri siku tatu nne kabla hujahukumu, madhara yote hayaonekani siku ya kwanza. Pasua bua karibu na hindi, kama ndani bado jeupe limekaza, lipo hai.

shamba_la_mwisho:
Bondeni tulikamua konzi kila asubuhi, siku ya sita ndiyo maji yakaacha kudondoka, tumekata yote na jirani amefurahi kuliko mimi. Leo ni siku ya 60 tangu ndevu. Juu nimechomoa punje kumi katikati ya hindi, nikakwangua kitako kwa ukucha. Nane zina ule weusi wa kitako (alama ya kukomaa, sio ule mstari wa maziwa), mbili bado kahawia. Ndiyo tayari?

bi_punje:
Tayari kukomaa, sio tayari ghalani. Na vizuri umetoa za katikati, za ncha huwa zinatangulia. Halafu nikuonye, mmea ukifa na baridi ule weusi unatokea pia hata kama punje haijajaa, ndiyo maana Thamometa alitaka uone bua kwanza. Lako lilibaki kijani kwa hiyo weusi wako ni wa kweli. Sasa jalidi ije isije uzito hauondoki tena, lakini hapo punje bado ina maji kama asilimia 30 hadi 35, na ghalani unataka 13. Acha yasimame shambani yakauke, mradi mvua na ndege wakuruhusu, usipukuchue sasa utazipondaponda.

shamba_la_mwisho:
Kipima unyevu sina.

bi_punje:
Chupa kavu ya kioo, punje hadi robo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo bado zina maji zaidi ya asilimia 15. Isipoganda umekaribia, zianike siku kadhaa zaidi ndiyo upeleke ghalani.

shamba_la_mwisho:
Chupa ipo. Chumvi inabidi nimuombe mama watoto, na yeye ndiye aliyesema tusubiri, kwa hiyo najua nitakachosikia jikoni leo.